Goma: Mpangaji asipolipa, nani alikosa: aliyemchagua ao aliyekula garanti?

Kila mwisho wa mwezi, swali moja linaingia kwa simu katika parsele nyingi za Himbi, Katindo na Keshero. Linatoka Kinshasa, Kampala ao Brussels: "Huyu mtu, ni nani alimleta?" Anayeuliza ni mwenye nyumba. Anayeulizwa ni msimamizi, mara nyingi mdogo wake, shemeji yake ao komisionere wa kartie aliyeachiwa funguo. Kodi haijalipwa. Na ndani ya swali hilo hukumu imekwisha kutolewa: ikiwa mpangaji halipi, basi aliyemchagua alichagua vibaya.

Hukumu hiyo inatolewa haraka mno, na mji wa Goma umepata kuona wazi kwa nini.

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 iliingia mjini. Banki zilifunga milango. Uwanja wa ndege ukafungwa. Siku chache mbele ya hapo, tarehe 20 Januari, Rais Donald Trump alikuwa amesaini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya Marekani kwa nchi za kigeni, na mashirika yaliyoishi kwa pesa hizo yakaanza kupunguza wafanyakazi. Wageni wengi wa mashirika waliondoka. Nyumba kubwa za pembeni ya ziwa, zile zilizozoea kupangishwa kwa dola nyingi, zikabaki na sentinele peke yake kwenye mlango mkubwa.

Kabla ya hapo, komisionere yeyote wa Goma angeulizwa mpangaji mzuri ni nani, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Wa kwanza ni mfanyakazi wa shirika la kimataifa. Baada yake anakuja mtumishi wa banki, kiisha mwalimu wa chuo kikuu ao mtumishi wa Leta mwenye mshahara unaopitia banki. Mama wa soko, motari, fundi wa mbao na familia iliyokimbia kutoka Masisi ao Rutshuru walikuwa wa mwisho, na mara nyingi waliambiwa kwamba nyumba imekwisha kuchukuliwa hata kama funguo zilikuwa bado mfukoni mwa komisionere.

Orodha hiyo ilipinduka katika wiki moja. Mshahara wa shirika ulikatika. Mshahara wa Leta, ambao tangu miaka ya 2011 na 2012 Serikali iliamua upitie banki, ulibaki kwenye akaunti isiyofikika. Mtu alikuwa na pesa kwenye karatasi na hakuwa na franga ya mkate. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta namna ya kuzitoa. Wengine walipitia simu, wakakatwa asilimia na mawakala waliokuwa wenyewe wanahangaika kupata noti. Wakati huohuo yule mama wa soko, ambaye hajawahi kuingia banki, aliendelea kupokea na kutoa noti zake kila siku, kidogo kidogo, hata zile zilizochakaa ambazo wachuuzi walikuwa wakizikataa.

Sasa mwenye nyumba anapopiga simu na kusema, "Uliniletea mtu asiyelipa," anasema kweli kuhusu kodi. Kuhusu uchaguzi, bado hajasema kitu.

Ichukuliwe nyumba moja ya mfano, ya vyumba vitatu, huko Himbi, kwa dola 250 kwa mwezi. Mpangaji aliingia mwaka 2023. Alikuwa na kazi katika shirika, kontra yake ikirudishwa upya kila mwaka, mke na watoto watatu. Msimamizi aliona karte yake ya uchaguzi na barua ya kazi, akapokea garanti ya miezi mitatu, yaani dola 750, akaituma kwa mwenye nyumba. Hakupigia simu mwenye nyumba wa zamani wa mtu huyo, ingawa namba alipewa. Kwa karibu miaka miwili kodi iliingia bila shida. Februari 2025 haikuingia. Machi haikuingia. Aprili haikuingia.

Msimamizi huyu ahukumiwe kwa nini? Siku ile ya 2023, kwa yale aliyoyajua na yale ambayo mtu angeweza kuyajua, alichagua sawa. Hakuna barua ya kazi duniani inayoonyesha kwamba banki za mji mzima zitafunga siku moja. Kosa lake moja la uchaguzi ni ile simu ambayo hakuipiga. Ni kosa, na inafaa aambiwe. Lakini kama angeipiga, pengine angejibiwa kwamba mtu huyo analipa vizuri, na nyumba angempatia palepale. Uzembe wake haukuzaa deni la Februari. Kumkata pesa kwa sababu hiyo ni kumlipisha deni la banki.

Watu wengi hawapendi kutenganisha mambo hayo mawili. Wanaona kwamba kama nyumba haikulipwa, basi kila kitu kilichofanywa mbele yake kilikuwa kibaya. Na kama nyumba inalipwa, msimamizi ni mwerevu. Ukweli ni kwamba Goma ina wasimamizi wengi ambao hawakuuliza hata jina kamili la mpangaji, wakapata bahati, wakasifiwa kwa miaka. Hao ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa siku bahati itakapowaacha hawatajua ni nini walichokuwa wakikifanya. Aliyemwingiza mpangaji kwa sababu alivaa vizuri na kushuka kwenye gari safi hakuchunguza kitu, hata kama mpangaji huyo analipa kila tarehe moja mpaka leo.

Yabaki yale ya garanti, na hapa simu nyingi kutoka mbali zinanyamaza.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupangisha nyumba zisizo za biashara, inaweka mpaka: garanti ya nyumba ya kuishi haipaswi kupita miezi mitatu ya kodi. Wakaaji wa Goma wanajua kwamba mpaka huo unavukwa kila siku, miezi sita ikiombwa bila haya, hata zaidi. Lakini hata kwa mitatu ya sheria, hesabu ya nyumba ya Himbi ni nyepesi. Februari, Machi na Aprili ni dola 750. Garanti ni dola 750. Mwisho wa Aprili, miezi mitatu baada ya mji kubadilika, mwenye nyumba alikuwa bado hajapoteza hata dola moja, ikiwa garanti iko.

Haiko. Iliishia kwenye mabati ya parsele nyingine, ao kwenye minerval ya mtoto anayesoma Kampala, ao katika mambo ya kawaida ya nyumba. Wenye nyumba wengi wanaona garanti kama zawadi ya kuanza, pesa ya kufanyia mradi, na si pesa ya mtu mwingine iliyowekwa kwa ajili ya siku mbaya. Wapangaji wanalijua jambo hilo sana. Ndiyo maana mpangaji anayetaka kuhama huacha kulipa miezi yake mitatu ya mwisho na "kula garanti" akiwa ndani, kwa kuwa ana hakika kwamba akitoka hatarudishiwa kitu. Desturi hiyo inaonekana kama ujanja wa wapangaji, kumbe ilianzia kwa wenye nyumba wenyewe.

Kwa hiyo mwenye nyumba aliyekula garanti, kiisha Aprili akamwita mdogo wake mjinga, anatafuta mtu wa kujaza shimo alilolichimba mwenyewe. Mdogo mtu hawezi kumjibu hivyo kaka yake, bila shaka. Atasema, "Ndiyo, kaka, nitamfuata." Ataenda kusimama mbele ya mlango wa mpangaji asubuhi, na mpangaji atamwonyesha ujumbe wa banki kwenye simu.

Kuna hatua moja lakini ambapo msimamizi wa Himbi hana mahali pa kujificha, nayo inaanza Mei. Kama mpaka Agosti deni limefika miezi saba, yaani dola 1,750, na hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa, hakuna ahadi yenye tarehe, hakuna hata dola 50 iliyopokelewa kwa risiti, hapo msimamizi ameshindwa kazi yake. Kosa lake hapa si la kuchagua mtu. Ni la kumwacha mtu azame. Familia ambayo Machi ingekubali kulipa nusu ao kuhamia nyumba ndogo ya dola 80, Agosti haiwezi tena. Deni la miezi saba halizungumzwi kama deni la miwili, na mpangaji anaanza kukimbia macho, kiisha anakimbia usiku na magodoro.

Wengi wanachanganya makosa haya mawili, na matokeo yake ni mabaya. Msimamizi anayepigiwa kelele kwa uchaguzi wake wa 2023 anajifunza kuchagua kwa woga. Yule ambaye angeambiwa, "Ulichagua sawa, lakini ulinyamaza tangu Machi," angejifunza kufuata deni mapema. Siku hizi jambo hilo lina uzito kuliko zamani. Mwanzoni ugomvi wa nyumba ulipelekwa kwa shefu wa avenyu, kwenye ofisi ya habitat ya komini, na ukishindikana kwenye mahakama. Baada ya Januari 2025 mahakama za Serikali zilisimama kazi Goma. Kwa wengi kilichobaki kilikuwa mazungumzo kati ya watu wawili mlangoni, ao nguvu. Na nguvu ipo: kuna wenye nyumba wanaotuma vijana kung'oa mlango ao kutoa mabati watoto wakiwa ndani, jambo ambalo sheria haikuliruhusu hata wakati mahakama zilikuwa wazi.

Woga huo wa kuchagua una uso wake, na wakaaji wanaoutafuta mlango wa kupanga wanaujua vizuri. Komisionere akishapigiwa kelele mara mbili kwa mpangaji asiyelipa, hajifunzi kuuliza maswali mazuri zaidi. Anajifunza kukataa aina ya watu. Mwanamke asiye na mume: hapana. Familia ya watoto saba: hapana. Motari: hapana. Mtu aliyetoka kambini: hapana kabisa. Kiisha linakuja swali lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, "Wewe ni mtu wa wapi?", na jina la baba, na kijiji. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani kwa ajili ya kabila lake, mahali anapoishi ao hali yake katika jamii, na inasema wazi kwamba makatazo hayo yanagusa kila jambo. Mlangoni mwa parsele kifungu hicho hakisomwi. Lakini hata mtu asiyejali Katiba angejali pesa zake: kujua kwamba mtu alizaliwa Kitchanga ao Rutshuru hakumwambii mwenye nyumba chochote kuhusu kodi ya mwezi wa nne.

Tena karatasi zinazoombwa mjini hapa zina historia yake. Volkano ya Nyiragongo ilichoma katikati ya mji mwaka 2002, ikarudi tarehe 22 Mei 2021 na kufunika nyumba za upande wa Buhene. Watu walitoka na watoto mgongoni, bila diplome na bila karatasi za parsele. Waliokimbia vita Masisi na Rutshuru walitoka hivyohivyo. Msimamizi anayesema, "Asiye na karatasi si mtu wa kuaminika," anawapima watu kwa moto na risasi walizozikimbia.

Je, hii inamaanisha kwamba kumchunguza mpangaji ni kazi bure? Hapana. Inamaanisha kwamba maswali yaliyozoeleka yalikuwa yanapima heshima ya mtu, wakati yalipaswa kupima njia ya pesa. Barua ya kazi inaonyesha kwamba mtu anaheshimika. Haionyeshi atalipa namna gani mshahara ukichelewa miezi miwili. Swali hilo linaweza kuulizwa waziwazi, na majibu yake yana faida. Kuna atakayesema mke wake anauza mafuta ya mawese Birere. Kuna atakayesema ana kaka Butembo ambaye humsaidia, na namba yake hii hapa. Na kuna atakayekasirika na kusema, "Mimi nafanya kazi shirika, mshahara hauchelewi." Mwaka 2025 ulijibu huyo wa mwisho.

Kuna pia karatasi moja ambayo makomisionere hawaiombi, ingawa iko katika nyumba nyingi za Goma: kaye ya AVEC, chama cha kuweka akiba na kukopeshana. Mwanamke anayeuza sambaza, aliyekuja kila wiki mwaka mzima kununua hisa zake mbele ya wenzake, akakopa na kurudisha, ana ushahidi wa tabia yake ulioandikwa na watu wasiomhurumia. Ni kweli kwamba anayeweka dola tano kwa wiki hawezi kwa hiyo kulipa nyumba ya dola 250. Lakini kwa nyumba ya dola 60 huko Ndosho, kaye hiyo inasema mengi kuliko karte ya kazi yenye picha ya rangi na kamba ya shingoni.

Wala mama huyo asifanywe malaika. Wachuuzi waliokuwa wakipata maharagwe na viazi kutoka Masisi nao walikatika njia zilipofungwa, na wengine wao walishindwa nyumba. Mwenye nyumba atakayesema leo, "Sasa nitapangisha kwa watu wa soko tu," atakuwa amerudia kosa lilelile kwa jina lingine.

Mwisho kuna jambo la malipo ya msimamizi mwenyewe, ambalo wenye nyumba hawapendi kulifungua. Komisionere wa Goma hulipwa mara moja, siku mpangaji anaingia, na kwa kawaida ni mwezi mmoja wa kodi, tena mara nyingi kutoka mfukoni mwa mpangaji. Baada ya hapo mpangaji akilipa ao asilipe, komisionere hapati wala hapotezi. Afadhali kwake atoke mapema, kwa kuwa nyumba tupu ni komisyo nyingine. Mtu aliyelipwa hivyo akileta mpangaji bila kumchunguza, hajafanya kinyume cha kazi aliyopewa. Amefanya ile aliyolipwa. Mwenye nyumba anayetaka uchunguzi wa kweli angeweza kugawa malipo hayo: nusu siku ya kuingia, nusu baada ya miezi sita ya kodi, na kitu kidogo kila mwezi kwa anayefuata malipo na kuandika. Msimamizi wa familia naye, yule mdogo mtu, kwa kawaida halipwi kitu. Anaambiwa ni nyumba yetu sote, mpaka siku ya deni.

Mwenye nyumba wa mfano ule wa Himbi, akitaka kumhukumu mdogo wake kwa haki, asianzie na deni. Aombe kwanza kaye. Aangalie ukurasa wa siku ile ya 2023: nani aliulizwa, maswali gani, nani alipigiwa simu, kwa nini wengine waliokuja kuona nyumba walikataliwa. Kiisha afungue ukurasa wa Februari 2025 aone ni siku ngapi zilipita kabla ya mazungumzo ya kwanza, na ni ahadi gani iliandikwa. Kama kurasa hizo ni nyeupe, anayo sababu ya kukasirika, hata kama mpangaji angekuwa amelipa yote. Na kaye hiyohiyo, mstari wa juu kabisa, itakuwa na dola 750 za garanti, tarehe ya kutumwa na jina la aliyezipokea.